Kuifuata stima hadi inakozaliwa: kutoka Chaani hadi Sarima

Siku ya kwanza, Jumatatu. Mombasa hadi Nairobi

Safari hii imeanzia kwenye meseji ya tokeni. Kuna mama mmoja mtaani kwetu Chaani, mteja wangu wa miaka mingi, anauza barafu na samaki wa kugandisha. Ana friji mbili kubwa na zote mbili zinamla. Mwezi uliopita nilikwenda kumbadilishia soketi iliyoungua, akanivutia kiti barazani, akanipa simu. "Nisomee, mwanangu. Nimenunua stima ya elfu moja. Imekwenda wapi?"

Nikamsomea mstari kwa mstari: bei ya yuniti zenyewe, halafu malipo ya mafuta, ya fedha za kigeni, tozo ya maji, tozo ya umeme wa vijijini, na VAT. Akanisimamisha penye mafuta. "Mimi gari sina. Haya mafuta ya nani?"

Mimi ni fundi wa waya za majumba tangu 2003. Stima naijua kuanzia kwenye mita kuja ndani. Kuanzia kwenye mita kwenda nje naijua kwa kusikia, na jibu nililompa siku ile lilikuwa la kusikia. Lilinikera usiku mzima. Kwa hiyo nimefunga kazi kwa wiki mbili, nimeomba barua za ruhusa mahali panapohitaji barua, nimebeba begi la vifaa kwa mazoea, na asubuhi hii nimepanda treni.

Kabla ya kuondoka nilitazama Kipevu, kwa sababu mafuta ya yule mama sehemu yake ni pale. Mtambo wa Kipevu III, megawati 120, uliwashwa 2011 na unakula mafuta mazito yanayoshushwa bandarini. Nimekua nikiuona moshi wa Kipevu jioni, wakati mama zetu wanaanua nguo. Siku hizi moshi ni mchache kuliko wa utotoni, na sababu mojawapo niliiona dirishani mara kwa mara mchana huu: nguzo za laini kubwa ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita 482, iliyowashwa 2017. Kabla ya laini hiyo pwani ilitegemea sana dizeli yake yenyewe. Baada yake, umeme wa bara ukaanza kutushukia kwa wingi.

Treni yenyewe inavutwa na injini za dizeli, chini ya nguzo hizo hizo. Wenzetu Watanzania tangu 2024 wanasafiri kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na wana bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, la kuwapa nguvu. Nawaonea wivu mzuri.

Siku ya pili. Masinga

Matatu hadi Thika, nyingine hadi Matuu kwa barabara ya Garissa, kisha pikipiki. Yatta ni kavu mwezi huu, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Halafu ghafla maji, mapana hadi jicho linachoka.

Mto Tana mimi ni damu yangu. Mamangu ni Mpokomo wa Ngao, karibu na pale mto unapojiandaa kuingia baharini. Utotoni nilidhani Tana unaanzia Garsen. Leo nimesimama juu ya ukuta wa Masinga na kuelewa kwamba maji tunayooga Ngao yameshafanya kazi mara tano kabla ya kutufikia. Masinga ni ghala la juu, lilikamilika 1981. Yakitoka hapo maji yanaingia Kamburu, yakitoka Kamburu yanaingia Gitaru, halafu Kindaruma, halafu Kiambere. Tone moja linazungusha mitambo mitano. Kindaruma ndilo kongwe, la 1968. Kabla yake Kenya ilikuwa ikinunua umeme wa Jinja, Uganda, kutoka bwawa la Owen Falls, na kulikuwa na mitambo midogo tu huku juu ya Tana.

Mtambo wa Masinga peke yake ni megawati 40, si kitu. Thamani yake ni akiba. Mvuvi niliyemkuta akitengeneza nyavu alinionyesha ukutani alama za maji ya miaka tofauti kama mtu anayeonyesha makaburi ya ukoo. Hapa ilikuwa mafuriko ya 2018. Hapa masika ya 2024. Na huko chini kabisa, penye mawe meupe, ukame wa 2009, ambapo Masinga ilizimwa kwa kukosa maji.

Mimi nakumbuka ule mwingine, wa 1999 hadi 2000. Nilikuwa shuleni, mgao wa stima ukawa wa kila siku na viwanda vya Changamwe vikafunga mapema. Tulisoma kwa koroboi katika mji wenye nguzo kila kona. Nchi ilikuwa imeweka karibu mayai yake yote katika mto mmoja, na mvua haikuja.

"Yakijaa sana mnafanya nini?" nilimuuliza mvuvi.

"Sisi tunafurahi," akasema, "samaki wanasogea. Kwenu ndiko mnahama."

Alijua. Sikumwambia natoka wapi upande wa mama, ila aliposikia Kiswahili changu na jina la Ngao alijua. Maji yakimwagika kwa wingi huku juu, siku chache baadaye wajomba zangu wanabeba magodoro kwenda vilimani. Na mwaka ambao bwawa linayabana maji, mashamba ya mpunga yanayongoja mto ufurike kidogo yanangoja bure. Kwa mtu wa deltani, kuzidi na kupungua kote kunaamuliwa mbali.

Siku ya tatu. Gitaru

Gitaru ndiyo kubwa kuliko zote za maji Kenya, megawati 225, na mitambo yake imefukiwa ndani ya mwamba. Unashuka kwa handaki, joto linapanda, halafu mlio unakushika kifuani kabla ya masikioni.

Msimamizi wa zamu alikuwa mtu mpole wa Embu mwenye subira ya mwalimu. Alinieleza jambo ambalo sasa naona ndilo ufunguo wa safari nzima. Mtambo wa maji unaweza kusimama kabisa, ukaitwa, na kwa dakika chache ukawa unatoa umeme. Saa za mchana mzigo ukiwa wa kadiri wanaupunguza, wanayaacha maji yatulie. Jioni watu wakirudi nyumbani, taa, televisheni, pasi, vikaangio vya chipsi vikiwashwa pamoja, wanaufungulia. "Maji ni pesa ya mfukoni," alisema. "Huitumii mpaka uone kitu."

Nikamuuliza, sasa kama maji yanaweza kungoja, kwa nini tena dizeli? Akacheka. "Nenda Olkaria kwanza, halafu ukaone upepo. Utajijibu."

Siku ya nne

Njiani tu. Thika, Nairobi, Maai Mahiu, Naivasha. Ukishuka ukingo wa Bonde la Ufa saa za asubuhi, usilale.

Siku ya tano. Olkaria

Sisi Wakenya tunaita umeme "stima". Wazee wa Mombasa waliitumia kwa meli za mvuke kabla nyaya hazijafika mitaani, na neno lenyewe ni la mvuke. Leo nimefika mahali ambapo neno na kitu vimekutana tena, kwa sababu hapa stima ni mvuke kwelikweli.

Niliingia kupitia Hell's Gate, mbuga ambayo unaruhusiwa kupita kwa baiskeli. Pundamilia wanakula majani, twiga wanatazama, na katikati yao mabomba ya fedha yanapanda na kushuka vilima, yakiinuliwa juu kama lango mahali ambapo wanyama hupita. Halafu inakuja harufu ya yai viza. Ni gesi inayotoka ardhini pamoja na mvuke. Nusu saa pua inazoea.

Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha ufundi anafanya kazi hapa, naye ndiye aliyenizungusha. Kisima cha Olkaria kinachimbwa hadi kilomita tatu kwenda chini, kwenye miamba yenye maji ya joto la nyuzi 300 hivi. Maji hayo yanapanda yakiwa yamechanganyika na mvuke. Kwenye chombo cha kutenganisha, mvuke unakwenda kuzungusha mtambo, na maji ya chumvi yanarudishwa ardhini kwa visima vingine ili kisima kisikauke. Hakuna kinachochomwa. Nilitafuta bomba la moshi kwa macho, kwa mazoea ya Kipevu, na lile wingu jeupe nililoliona juu ya minara ya kupozea ni maji tu.

Utafiti ulianza 1956 kwa visima viwili ambavyo havikutoa matunda. Mtambo wa kwanza, megawati 15, uliwashwa 1981. Hesabu miaka hiyo: 25. Watu waliendelea kurudi kwenye mawe haya kwa miaka 25, na nadhani hilo ndilo jambo ambalo halisemwi vya kutosha tunapojisifu. Afrika nzima waliotangulia ni wa Kiabukwa kule Katanga, Kongo ya Wabelgiji, 1952, kwa mtambo mdogo wa kilowati 200 ambao uliachwa baadaye. Olkaria haikuachwa. Ikaja Olkaria III ya kampuni binafsi, na Olkaria II, halafu 2014 ya nne yenye megawati 140, halafu 2019 ya tano. Leo jotoardhi peke yake linatoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa nchini, na ukijumlisha maji, upepo na jua unakaribia asilimia 90.

Mwaka huo wa 2014 pia ndio jamii nne za Wamasai walihamishwa kupisha Olkaria IV. Malalamiko ya makazi mapya yalifika hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na ikabidi pande zote zikae kwenye usuluhishi. Olkaria ni jina la Kimaa, linahusu udongo mwekundu ambao wenyeji wanajipaka. Mvuke uko chini ya watu. Popote utakapochimbwa kuna mwenyewe wa juu.

Usiku, rafiki yangu alinichukua tena kwa gari. Ilikuwa karibu saa nane. Tulisimama juu ya kilima tukasikia mngurumo kama wa bahari ikichafuka nje ya mwamba wa Nyali.

"Unasikia?" akasema. "Mvuke huo unamwagwa."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza. Jioni nchi inataka zaidi ya megawati 2,000. Saa nane za usiku inataka karibu nusu ya hizo. Wanaoongoza gridi, mtandao wa umeme wa nchi nzima, wanapiga simu: punguzeni. Kisima cha mvuke hakifungwi na kufunguliwa kama mfereji wa jikoni. Bomba la chuma lililomo ardhini likipoa na kupata moto kila siku linapasuka. Basi kisima kinaachwa kiendelee kupumua, na mvuke ambao ungezungusha mtambo unatolewa hewani kupitia kizuia-kelele.

"Lakini kwa nini mpunguze nyinyi?" nikauliza. "Si mnatoa umeme wa bei nafuu?"

"Upepo," akasema. "Usiku upepo wa vinu vya Ziwa Turkana unakuja na nguvu zake zote, na mkataba wake ni wa kulipwa uchukuliwe usichukuliwe. Sasa wewe ungekuwa msimamizi ungezima nini?"

Sikulala. Nilimfikiria yule mama na friji zake mbili.

Siku ya sita. Suswa

Nimesimama nje ya ua wa kituo cha Suswa, kando ya barabara ya Narok. Fundi wa majumba kuona kituo hiki ni kama mshona viatu kuona kiwanda cha ngozi. Huku zinaingia waya za Olkaria. Kule laini ya kilovolti 400 inayotoka Loiyangalani, kaskazini kabisa. Na upande mwingine laini ya Ethiopia, zaidi ya kilomita elfu moja, iliyoanza kutuletea megawati 200 Novemba 2022. Ng'ombe wanalala kivulini chini ya nguzo. Askari aliniuliza mara mbili natafuta nini, na mara zote mbili nilimwambia ukweli.

Siku ya saba

Basi la Marsabit kutoka Nairobi. Isiolo, Archers Post, lami laini ambayo wazee wa basi wanaisifu kama mtoto aliyezaliwa baada ya kungojewa. Nimeshuka Laisamis usiku.

Siku ya nane. Laisamis hadi Sarima

Lori la unga na soda. Barabara hii, kilomita 208, ilitengenezwa upya kwa ajili ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, ulioko Sarima, kwa sababu kila panga na kila kipande cha mnara vilishuka meli Mombasa na kupita hapa. Nakumbuka nikiyaona malori hayo marefu Changamwe, tukijiuliza yanabeba nini. Yalikuwa yanakuja huku.

South Horr ni bonde la miti na maji kati ya milima, na tulikunywa chai chini ya mgunga. Ukiliacha bonde, dunia inageuka. Mawe meusi tu, kama mtu amemwaga makaa ya jiko. Upepo ulianza kulisukuma lori ubavuni, dereva akashika usukani kwa mikono miwili. Halafu vikatokea. Vinu 365, vyeupe, vimepangwa kwa safu hadi upeo wa macho, vyote vinazunguka. Kuli mmoja juu ya magunia, kijana wa Kisamburu, alisema amevihesabu mara nyingi na hajawahi kupata idadi ile ile mara mbili.

Siku ya tisa. Sarima

Kila kinu kina kilowati 850, jumla megawati 310. Vilikamilika 2017. Ila laini ya kuvifikisha Suswa, kilomita zaidi ya 400, ilichelewa hadi Septemba 2018, na muda wote huo mlipa kodi akalipia umeme uliokuwa ukipita hewani bila waya. Hilo nilishalisikia redioni. Kulisimamia mahali penyewe ni kitu kingine.

Hapa upepo una sababu yake. Milima ya Ethiopia iko upande mmoja na nyanda za juu za Kenya upande wa pili, na katikati kuna uchochoro. Upepo wa kutoka Bahari ya Hindi ukiingia hapo unabanwa na kukaza mbio. Kumbe ni upepo wetu wa pwani, umekuja kufanya kazi bara. Mchana ulinisukuma nikakaa chini. Usiku, kama rafiki yangu alivyosema, ukazidi. Nililala ndani ya nyumba ya mzee mmoja wa Kiturkana, nyumba ya duara ya miti na makuti na mabati na turubai, na kila kitu kilikuwa kinavuma. Sasa nikajua: upepo huu ninaousikia hapa ndio unaoupiga mvuke kumbo kule Olkaria. Saa nane ya usiku nchi ina vyote viwili na haina wa kuvitumia. Saa mbili za jioni kila mtu anataka, upepo huenda bado haujaamka vizuri, maji yanafunguliwa, yakipungua ndipo dizeli inawashwa. Mama wa Chaani, mafuta yako ni ya saa mbili za jioni.

Ndani ya nyumba ile kulikuwa na tochi ya jua moja, imefungwa kwenye mti wa katikati kwa kitambaa. Ndiyo taa ya familia.

Asubuhi mzee alinitoa nje, akanyoosha fimbo yake kuelekea kwenye nyaya. "Wewe ni fundi. Hizi huwezi kutushushia kidogo?"

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi Mombasa na watu wanaotaka kuibia nguzo, na huwa nawajibu kwa ukali. Kwa mzee huyu nilikaa juu ya jiwe. Nikamwambia: mzee, taa ya nyumbani inataka voliti 240. Waya hizi zina laki nne. Kuzishusha kunataka transfoma kubwa kuliko nyumba yako, na swichi, na ua, na watu wa kulinda, na gharama yake hawaitoi kwa kijiji cha taa mia moja. Ndiyo maana miji mizima ya huku, hata Marsabit, kwa miaka mingi iliwashwa kwa jenereta za dizeli.

Akatafakari. "Kwa hiyo upepo wetu ni mkubwa mno kwetu."

Sikuwa na neno juu ya hilo. Nilimwambia ninachokiamini kama fundi: kijiji kama chake hakihitaji kungoja laini kubwa. Paneli za jua za kutosha, betri nzuri, waya mfupi wa kuunganisha nyumba, zahanati na shule, vinatosha, na jua hapa haliombwi. Kila mtu mwenye mita Kenya anakatwa asilimia tano kwa ajili ya umeme wa vijijini. Pesa hiyo ina haki ya kufika Sarima kabla haijafika mahali pengine popote.

Kuna jambo la ardhi pia, na wazee hapa wanalijua tarehe kwa tarehe. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi zilipatikana bila kufuata sheria. Barabara wanaishukuru, maji ya kisima wanayashukuru, vijana wachache wamepata kazi za ulinzi. Wanachouliza ni kuulizwa.

Siku ya kumi. Baragoi, Maralal

Nimerudi kwa njia ya magharibi, lori la mbuzi. Nguzo za laini zinatokea, zinapotea nyuma ya vilima, zinatokea tena. Nilizihesabu hadi giza likanizuia.

Tulisimama kwenye vibanda vinne baada ya Baragoi. Mama wa duka moja huchaji simu kwa shilingi thelathini, ana paneli moja juu ya bati na betri ya gari. Alikuwa amekata tamaa, mtambo wake hauchaji siku ya nne. Nikafungua begi. Paneli nzima. Betri inashika. Nikafuata waya kwa testa hadi kwenye kidhibiti chaji, nikakuta skurubu ya terminali imelegea kwa mtikisiko na chumvi ya kutu imeziba. Nikaikwangua kwa kisu, nikakata ncha ya waya, nikaikaza upya. Kitaa chekundu kikawa kijani. Alinipa soda mbili na akashikilia lazima nizinywe.

Kijana aliyekuwa akingoja simu yake aliniuliza kama kazi hii inafundishika. Nilimwonyesha jinsi ya kujua chanya na hasi, na kwa nini betri ya gari haifai kumalizwa hadi chini kila usiku. Aliandika kwenye mkono wake kwa kalamu ya wino.

Siku ya kumi na mbili. Chaani

Jana nilisafiri tu, Nyahururu, Nairobi, basi la usiku. Nimelala hadi adhuhuri. Saa mbili za jioni nimekwenda kwa yule mama, nimekaa kwenye kiti kile kile, nimeomba simu.

Nimempitisha meseji yote upya. Tozo ya maji ni ya Masinga na ndugu zake. Fedha za kigeni ni mikopo na mikataba ya dola. Mafuta ni ya saa hizi hizi tulizokaa, nikamwonyesha Kipevu. Nikamweleza kwamba usiku wa manane kuna mvuke wa bure unamwagwa, na kwamba viwanda vikubwa tangu Desemba 2017 vinauziwa umeme wa usiku kwa bei ya chini.

"Na mimi?" akauliza. "Friji zangu zinaweza kugandisha saa nane ya usiku, mchana nizizime. Barafu haiyeyuki upesi ukiifunga vizuri."

Nikamwambia mita za nyumbani kama yake hazijawekewa bei ya usiku. Bei ni moja, saa zote. Akanyamaza, akihesabu kwa vidole. Nikijumlisha friji zote za samaki kuanzia Vanga hadi Kiunga, barafu ya usiku wa manane ingekula mvuke mwingi.

Halafu akaweka kidole kwenye mstari wa chini. "Na hii ya vijijini. Yule mzee uliyelala kwake ashawashiwa?"

"Bado, mama."

"Lakini mimi ninakatwa."

"Unakatwa."

Akaichukua simu yake, akaisoma meseji tena mwenyewe, polepole, midomo ikitembea. Kisha akaniomba nimwandikie kwenye karatasi mahali pa kupeleka barua, na jina la kijiji, herufi kwa herufi.